Hesabu zako ni safi, mdogo wangu: hukusoma pembeni ya jedwali

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Nimekulia kambi ya polisi Arua, huku West Nile, Uganda, tukiongea Kiswahili, ndiyo maana nakuandikia kwa lugha hii. Nina digrii ya maendeleo ya jamii na nimeshafanya mitihani miwili ya kupima uwezo nikitafuta kazi serikalini. Mara zote mbili sehemu ya grafu na majedwali ndiyo iliyoniangusha. Hesabu naziweza, shuleni sikuwahi kuzikimbia. Lakini muda unaisha nikiwa na maswali sita au saba sijayagusa, na hata yale niliyoyajibu kwa uhakika nakuta nimekosa. Nimeambatisha picha ya zoezi nililofanya juzi. Je, kuna fomula za kukariri? Na kuna namna ya kusoma grafu haraka? Mwisho, yale maswali ya kweli, si kweli au taarifa hazitoshi, nayo yamenikosesha mara zote mbili.

JIBU: Mdogo wangu, salamu. Mimi ni mtu wa Busia, pale mpakani ambapo mtoto hujua kubadilisha shilingi ya Kenya kwa ya Uganda kabla hajajua kufunga kamba za viatu, kwa hiyo Kiswahili chako kimenikuta nyumbani. Picha yako nimeikuza na kuisoma mstari kwa mstari. Kwenye kurasa zote mbili sikukuta kosa hata moja la kuzidisha wala la kugawanya. Umekosa maswali matatu kati ya matano, na yote matatu umeyakosa kwa hesabu sahihi.

Wasomaji wengine hawana picha, basi nalinakili jedwali lako hapa. Ni la kubuni, la kampuni isiyo na jina inayonunua kahawa:

Kahawa iliyonunuliwa (magunia, kwa maelfu)
Msimu wa 1: Robusta 200, Arabika 50
Msimu wa 2: Robusta 240, Arabika 45
Msimu wa 3: Robusta 252, Arabika 63
Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: gunia moja ni kilo 60.

Swali la kwanza liliuliza ni tani ngapi za Arabika zilizonunuliwa msimu wa 3. Uliandika 63 mara 60, ikawa 3,780. Ukagawanya kwa 1,000 ili upate tani, ikawa 3.78. Ukaitazama kwenye machaguo, ukaikuta, ukaizungushia duara, roho ikatulia. Sasa simama kidogo. Tani tatu na kitu ni mzigo wa lori moja, tena dogo. Wewe ni mtu wa West Nile, umeyaona malori yakishuka na Arabika kutoka Zombo na Nebbi. Kampuni inayonunua maelfu ya magunia itapataje mzigo wa lori moja kwa msimu mzima? Neno "maelfu" lilikuwa limekaa juu ya jedwali likikusubiri. Magunia ni 63,000, kilo ni 3,780,000, tani ni 3,780. Hilo nalo lilikuwa kwenye machaguo, mstari wa tatu.

Swali la pili: Arabika ni asilimia ngapi ya kahawa yote ya msimu wa 3? Uligawanya 63 kwa 252 ukapata asilimia 25. Hesabu safi tena. Ila 252 ni Robusta peke yake. Kahawa yote ni 252 na 63, yaani 315, na 63 kwa 315 ni asilimia 20. Swali la tatu: kutoka msimu wa 2 hadi wa 3 Arabika imeongezeka kwa asilimia ngapi? Ulitoa 45 kwenye 63 ukapata 18, vizuri, halafu ukagawanya kwa 63, ukapata 28.6. Anayeongezeka hupimwa kwa alipotoka, hapimwi kwa alipofika. Ametoka 45. Kumi na nane kwa arobaini na tano ni asilimia 40.

Tazama machaguo ya maswali hayo matatu: 3.78 ipo, 25 ipo, 28.6 ipo. Hazikufika hapo kwa bahati. Mtunga maswali anajua mtu mwenye haraka atakosea wapi, na kila kosa analoliona mbele anampikia jibu lake. Kwa hiyo kulikuta jibu lako kwenye machaguo hakuthibitishi chochote. Watahiniwa wengi hapo ndipo wanapotulia, nami napenda hapo ndipo uanze kuwa na wasiwasi.

Ndiyo sababu siwezi kukupa fomula. Kila namba kwenye jedwali ina mwenyewe. Kabla hujaigusa uliza: ni ya nini, imepimwa kwa kipimo gani, ni ya lini? Mtihani utakuwa kwa Kiingereza, sawa, lakini maswali hayo jiulize kwa lugha unayofikiria nayo. Kama kichwani unaongea Kiswahili au Kilugbara, uliza kwa hicho. Nimewafundisha vijana ambao walisoma kichwa cha jedwali kwa Kiingereza kwa sauti, neno kwa neno, na nilipowaambia "niambie kwa lugha ya nyumbani hii namba ni ya nini" wakanyamaza.

Nakuambia haya nikiwa nimeyalipia. Nilipokuwa kijana niliitwa kwenye usaili wa kampuni moja, tukapewa jedwali la mauzo. Nililijibu lote kwa dakika kumi na mbili nikawa wa kwanza kuweka kalamu chini, nikawatazama wenzangu kwa huruma. Safu ya mwisho ya jedwali lile ilikuwa kwa dola na zilizobaki zilikuwa kwa shilingi. Nilizijumlisha zote pamoja. Mtoto wa Busia!

Kwa hiyo ukifunguliwa ukurasa wenye jedwali au grafu, usikimbilie swali na usikimbilie namba za katikati. Zunguka pembeni kwanza: kichwa cha habari, majina ya safu, vipimo, ufunguo wa rangi, nota za chini. Sekunde thelathini au arobaini. Najua utasema muda hautoshi. Lakini mara nyingi jedwali moja hubeba maswali manne au matano, kwa hiyo sekunde zile arobaini unazigawa kwa maswali yote, na kila swali linalofuata linakwenda haraka kwa sababu unajua kitu kiko wapi. Wewe kwenye zoezi lako ulikuwa ukilirudia jedwali upya kwa kila swali. Naona alama za kalamu ulipokuwa ukizitafuta safu zilezile. Muda wako umeishia humo.

Nota za chini zisome kama unavyosoma mkataba wa mkopo. Na kwa hapa kwetu kuna moja inayowaangusha watu kila mwaka: mwaka wa fedha wa serikali ya Uganda huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Jedwali likisema "2023/24, robo ya kwanza", hiyo ni Julai hadi Septemba 2023. Nimeona watu wenye digrii za biashara wakichukua Januari hadi Machi bila hata kufikiri.

Sasa nikupe jedwali la kweli, maana hili la kahawa limeshakuzoea. Hizi ni sensa za Uganda, idadi ya watu kwa milioni:

1969: 9.5
1980: 12.6
1991: 16.7
2002: 24.2
2014: 34.6
2024: 45.9

Namba sita tu, na mtunga maswali mwenye roho mbaya anaweza kukaa humu asubuhi nzima. Kipindi gani watu waliongezeka zaidi? Ukitoa, unapata 3.1, kisha 4.1, 7.5, 10.4, na mwisho 11.3. Basi jibu ni 2014 hadi 2024. Lakini akikuuliza ni kipindi gani watu waliongezeka kwa asilimia kubwa zaidi, jibu linahama kabisa. Kati ya 1991 na 2002 ongezeko ni 7.5 juu ya 16.7, karibu asilimia 45. Kati ya 2002 na 2014 ni asilimia 43. Kipindi cha mwisho, kile kilichoongoza kwa watu, ni asilimia 32.7 tu. Namba zilezile, jedwali lilelile, na anayeongoza swali la kwanza ameshuka hadi nafasi ya tatu kwenye la pili. Neno moja limebadilika kwenye swali, "asilimia", na limehamisha ushindi.

Tena tazama upande wa kushoto, kwenye miaka. Wengi hupita hapo kama wanavyopita kibao cha barabarani. Kutoka 1969 hadi 1980 ni miaka 11, 1980 hadi 1991 ni 11, 1991 hadi 2002 ni 11, halafu 2002 hadi 2014 ni 12, na 2014 hadi 2024 ni 10. Vipindi havilingani! Ukiulizwa wastani wa ongezeko kwa mwaka, lazima ugawanye kila kimoja kwa miaka yake: 10.4 kwa 12 ni kama watu 870,000 kwa mwaka, 11.3 kwa 10 ni 1,130,000 kwa mwaka. Kwenye jumla pengo lilikuwa dogo, kwa mwaka limekuwa kubwa. Na ukichora grafu ya mstari, ukaziweka sensa hizi sita kwa nafasi sawa kwenye mhimili wa mlalo, mteremko utakudanganya. Kwa hiyo kwenye grafu yoyote ya miaka angalia kama hatua za chini zinalingana kabla hujasema mstari "umepanda kwa kasi".

Mjuaji atainua mkono aseme sensa ya 2014 ilikuwa Agosti na ya 2024 ilikuwa Mei, kwa hiyo si miaka kumi kamili. Kweli kabisa. Lakini mbele ya msimamizi jedwali ndilo sheria. Limeandika 2014 na 2024, wewe hesabu kumi. Na usigawanye asilimia 32.7 kwa kumi ukasema watu wameongezeka kwa asilimia 3.27 kila mwaka. Ofisi ya takwimu, UBOS, inasema 2.9, kwa sababu watoto wa mwaka jana nao wamo kwenye hesabu ya mwaka huu, kama riba inayozaa riba. Kwenye mtihani usio na kikokotoo ni nadra kuombwa kuitafuta hiyo 2.9, ila inawezekana ukawekewa 3.27 kama mtego.

Nikiwa bado kwenye asilimia, maana ndizo zinazokula watu. Kama sehemu ya kaya zenye kitu fulani imetoka asilimia 20 hadi 25, imepanda kwa pointi 5 za asilimia, lakini imeongezeka kwa asilimia 25, kwa kuwa 5 ni robo ya 20. Vyote viwili ni kweli na vyote viwili vitakuwa kwenye machaguo. Ukiona neno "pointi", toa. Ukiona "kwa asilimia ngapi", toa kisha gawanya kwa ulipotoka.

Fahirisi, yaani namba inayolinganisha kitu na mwaka wa msingi, ni hivyohivyo. UBOS huchapisha fahirisi ya bei ambayo mwaka wa msingi, 2016/17, umepewa 100. Tuseme kwa mfano fahirisi imetoka 120 ikafika 126. Bei zimepanda kwa asilimia ngapi? Ulimi unakimbilia kusema 6. Ni 5, kwa sababu sita unazigawanya kwa 120. Ungepata sita kama ungetoka 100, na hukutoka 100.

Halafu kuna asilimia ya kurudi nyuma. Risiti inaonyesha 590,000 pamoja na VAT, ambayo kwetu ni asilimia 18. Bei kabla ya kodi ni ngapi? Watu huchukua asilimia 18 ya 590,000, ambayo ni 106,200, wakatoa, wakabaki na 483,800. Jaribu kuiongezea hiyo asilimia 18 uone kama utafika 590,000. Hufiki. Zile 590,000 ni asilimia 118 ya bei, basi gawanya kwa 1.18: ni 500,000 kamili. Kwenye majedwali mtego huu huja umevaa nguo nyingine, "mauzo ya mwaka huu ni 590, yamepanda kwa asilimia 18, ya mwaka jana yalikuwa mangapi?" Ni risiti ileile.

Na wastani. Darasa moja lina wanafunzi 20 wenye wastani wa alama 70, jingine lina wanafunzi 60 wenye wastani wa 50. Wastani wa wote si 60. Alama zote ni 1,400 na 3,000, jumla 4,400, kwa wanafunzi 80 ni 55. Darasa kubwa linavuta kwake. Hapa sina la kuongeza, ila usijumlishe wastani na wastani ukagawanya kwa mbili mpaka uone makundi yanalingana.

Grafu sasa. Uliuliza namna ya kuzisoma haraka. Jicho lako ni la haraka tayari, haraka kupita kiasi, na kazi yako ni kulizuia mpaka usome mihimili. Nikupe mfano wa nyumbani. Shule ya msingi imechora grafu ya mstari ya wastani wa agregeti (jumla ya madaraja ya masomo) za PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kwa miaka mitano, na mstari unashuka kutoka 22 hadi 14. Shule inaanguka? Kila aliyesoma Uganda anajua masomo ni manne, kila somo hupewa kuanzia 1 hadi 9, kwa hiyo agregeti bora ni 4 na mbaya kabisa ni 36. Mstari ukishuka, mwalimu mkuu anachinja mbuzi. Mtihani hautakuletea PLE, utakuletea siku za kusubiri hospitalini, ajali za barabarani, watoto wanaoacha shule, muda wa kutoa mzigo bandarini, na wewe utaona mstari unashuka, utaandika "hali imezorota".

Mfano wa pili, grafu ya nguzo ya bei ya petroli, tuseme imetoka shilingi 4,800 hadi 5,200 kwa lita. Mchoraji ameanza mhimili wa wima kwenye 4,700. Nguzo ya kwanza ina urefu wa 100, ya pili ina urefu wa 500. Machoni bei imeruka mara tano, dereva wa boda anaweza kulia akiiona. Kwa kweli imepanda kwa 400 juu ya 4,800, kama asilimia 8. Nguzo ikikushangaza, teremka nayo mpaka chini uone imesimama kwenye sifuri au imesimama kwenye kiti.

Grafu ya limbikizo nayo ina uchawi wake. Chukua akiba ya mwanachama wa Sacco, iliyochorwa kwa jumla tangu Januari. Mstari unapanda, unapanda, mwezi wa Juni unalala, haupandi wala haushuki. Hakupoteza hela; mwezi ule hakuweka kitu. Kinachoonyesha alichoweka mwezi fulani ni kiasi mstari ulivyopanda mwezi ule, kimo chake kutoka chini hakionyeshi hilo. Ndugu yake ni grafu ya kasi ya ukuaji. Uchumi uliokua kwa asilimia 6 mwaka jana na asilimia 4 mwaka huu haujapungua, umeendelea kukua ila kwa mwendo wa taratibu zaidi. Mstari umeshuka, kitu chenyewe kimepanda. Hili nimelirudia darasani mpaka sauti ikakauka na bado kila kundi linatoa watu wawili watatu wa kuniambia uchumi umepungua.

Chati duara, zile za vipande kama keki, mimi sizipendi, nakiri. Mskoti William Playfair, aliyezianzisha mwaka 1801, ndiye huyohuyo aliyetupa nguzo na mistari mizuri miaka kumi na tano kabla, kwa hiyo namsamehe. Mwaka 1984 William Cleveland na Robert McGill wa Marekani walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu hulinganisha vitu vilivyopangwa kwenye skeli moja kwa usahihi zaidi kuliko wanavyolinganisha pembe. Kwa hiyo kipande cha keki usikipime kwa macho, soma asilimia iliyoandikwa. Na zikiletwa mbili pamoja, hapo ndipo pa kuamka. Wilaya ya kwanza ina bajeti ya bilioni 40, afya ni asilimia 15. Ya pili ina bilioni 25, afya ni asilimia 20. Kipande cha pili ni kipana zaidi, lakini cha kwanza ni bilioni 6 na cha pili ni bilioni 5. Duara zimechorwa kwa ukubwa sawa ili usahau kwamba keki zenyewe hazilingani.

Grafu yenye mihimili miwili ya wima, kama zile za hali ya hewa ambazo nguzo za mvua husomwa kushoto kwa milimita na mstari wa joto kulia kwa nyuzi, haina ugumu zaidi ya kujua nani anasoma wapi. Weka kidole. Mahali mstari unapokata nguzo hapana maana yoyote.

Nije kwenye aina ya swali ambalo naona umelikosa kwenye mitihani yote miwili, maana ulilitaja mwisho wa barua: wanakupa sentensi na kuuliza kama ni kweli, si kweli, au taarifa hazitoshi. Hapo waliosoma sana ndio wanaoanguka. Turudi kwenye sensa. Sentensi: "Kati ya 2014 na 2024 idadi ya watu wa Kampala iliongezeka." Utafanya nini? Umeishi Uganda, umekaa kwenye foleni ya Wandegeya, unajua mji umejaa. Lakini jedwali nililokupa linasema chochote kuhusu Kampala? Hapana. Jibu ni taarifa hazitoshi. Sentensi nyingine: "Watu waliongezeka kwa sababu vifo vya watoto vilipungua." Jedwali linaonyesha ongezeko, halisemi sababu. Hazitoshi. Sentensi ya tatu: "Mwaka 2024 watu walikuwa zaidi ya mara nne ya wale wa 1969." Hapa kila kitu kipo: 9.5 mara nne ni 38, na 45.9 imepita. Kweli.

Wanachopima kwenye swali hilo ni kama ukiwa ofisini utaandika kwenye ripoti jambo ambalo takwimu hazikulisema. Unachokijua cha mtaani kiache mlangoni pamoja na simu.

Muda. Ukipewa maswali 20 kwa dakika 25, ni sekunde 75 kwa swali, na huwezi kuzitumia kutafuta desimali ya tatu. Kwa hiyo soma machaguo kabla ya kukokotoa. Yakiwa mbalimbali, tuseme 12, 19, 31 na 48, kadiria tu. Asilimia 19.4 ya 4,870? Chukua asilimia 20 ya 4,900, ni 980, jibu liko chini kidogo ya hapo, kweli ni 945 hivi. Yakiwa yamebanana, 941, 945, 952, hapo kokotoa. Jenga mazoea ya kutafuta asilimia 10 kwa kusogeza nukta, 5 kwa kuikata nusu, 1 kwa kusogeza tena, halafu unaziunga kama muuza nguo wa soko la Owino anavyokupigia bei kichwani. Na ujue kwa moyo chache hizi: thumni ni asilimia 12.5, sudusi ni 16.7, theluthi ni 33.3. Hayo ndiyo ningekubali uyaite kukariri.

Swali likizidi dakika mbili, liwekee alama uliache, lakini usiache jedwali zima. Maliza maswali yote ya jedwali hilo yanayokubali, ukiwa bado unakumbuka pembeni yake, ndipo uhame. Soma pia maelekezo kama jibu baya linakatwa alama. Kama halikatwi, usitoke na nafasi tupu hata moja. Wewe umeacha sita au saba mara mbili.

Vitabu vya maswali vinavyouzwa barabarani sivikatazi, ila vingi majibu yake hayaelezi kosa limetoka wapi. Mimi napenda ufungue kitabu cha takwimu cha mwaka cha UBOS, kinapatikana bure kwenye tovuti yao, chagua jedwali lolote, samaki, umeme, watalii, chochote. Lizunguke pembeni, kisha lifunike na karatasi na useme kwa sauti: namba hizi ni za nini, kwa kipimo gani, za lini. Halafu tunga wewe maswali matatu, na kwa kila swali andika jibu sahihi na majibu matatu ya uongo ambayo mtu mwenye haraka angeyachagua. Hiyo ya majibu ya uongo ndiyo kazi yenyewe. Fanya jedwali moja kwa siku kwa wiki tatu. Ukishawapikia wengine mitego, utaanza kuisikia harufu yake ukiwa mbali.

Turudi kwenye kahawa yako, maana kuna swali la sita ambalo mtunzi hakuliuliza na mimi nakuuliza: tangu msimu wa 1 hadi wa 3, Arabika imejipatia sehemu kubwa zaidi ya biashara ya kampuni ile? Imetoka 50 hadi 63, nguzo yake imerefuka. Nitumie jibu pamoja na namba ulizogawanya. Na kwenye sensa, asilimia ya kipindi cha kwanza na ya kipindi cha mwisho zinakaribiana mno, 32.6 na 32.7, niambie kama watu waliongezeka kwa kasi ileile, na ni safu gani ya jedwali iliyokupa jibu.